Kikuba cha Udongo

Kaeni vizuri. Mwenye mtoto amnyonyeshe, mwenye neno la pembeni alimalize sasa, maana hadithi hii ikishaanza haipendi kusemewa juu. Ikifika mwisho mtasema nyinyi, tena mtagombana.

Mtaa wa Kisimani palikuwa na ua mmoja wenye milango mitatu. Kila mlango na mwanamke wake, na kila mwanamke na mkono wake.

Mlango wa kwanza alikaa Kibibi, mtoto wa wafinyanzi. Akigusa udongo, kidole chake kinajua kama una kiu au umeshiba. Alijaliwa watoto saba, wote wa kiume, wote wameoa, na kila mkwe akizaa binti humpa jina la mama yake mwenyewe. Watu husema ni kwa sababu ya ulimi wa Kibibi. Watu husema mengi.

Mlango wa pili alikaa Mwanakombo, mchora hina. Hakuna ua la bustanini wala la mwituni ambalo mkono wake haukuweza kulitoa vilevile lilivyo. Maharusi wa mitaa minne walipita mapajani pake. Lakini hina ni hina. Wiki mbili, sabuni imekula kila kitu.

Mlango wa tatu alikaa Zuwena, mshona kofia. Kofia zake zilikuwa zikikaa kichwani kama zimeotea hapo, na wanaume wa msikitini walijuana kwa kofia hizo kabla hawajatazamana usoni. Mume alikuwa naye, Mungu akamchukua. Mtoto hakujaliwa. Jina la Zuwena alipewa na bibi yake, na bibi yake alipewa na bibi yake, likaja likasimama hapo. Hakumlalamikia mtu. Ila mtoto akiitwa huko nje, Zuwena alikuwa akisimamisha sindano kidogo, asikie anaitwa nani.

Sasa jueni desturi ya Kisimani. Biharusi hatoki ndani bila kikuba, lile shada dogo la asumini na rehani linalobandikwa kifuani. Asiye na kikuba husemwa hana mtu. Na anayekibandika si yeyote aliyepita njia: ni yule yule aliyekifanya kwa mkono wake, mbele ya wanawake wote. Ujira wake ni kwamba binti wa kwanza wa ndoa hiyo ataitwa jina lake. Mmoja hubandika, jina huwa moja. Wengine wanune mwaka mzima wakitaka.

Basi akaposwa Hidaya, mjukuu wa Bi Mize, binti mpole anayejua kucheka kwa macho. Alikuwa na ila moja tu, na si ya tabia: pumu. Asumini ikimkaribia, kifua kinafunga. Harusi ya binamu yake alitolewa mlangoni amebebwa, midomo imegeuka rangi, na nusu ya wageni wakamfuata nje, biharusi akabaki na nusu iliyobaki. Binamu huyo mpaka leo salamu yake ni ya nusu mdomo.

Bi Mize alikuja uani kwa wanawake watatu, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akasema, "Wanangu, mjukuu wangu ataolewa bila kikuba, au ataolewa na kikuba afe nacho. Nichagulieni."

Kibibi akasema, "Si avae cha maua ya plastiki, Bi Mize. Madukani vimejaa."

"Cha dukani kimefanywa na nani? Nimlete huyo Mchina aje ambandike?"

Wakacheka. Zuwena hakucheka. Alikuwa anafikiri. Akasema polepole, "Tukifanye wenyewe. Cha udongo. Kiwe bizimu la kubandika kifuani. Udongo hauna harufu ya kumdhuru."

"Udongo unachomwa, wifi yangu," Kibibi akamwambia. Walikuwa wakiitana wifi kwa mazoea tu, hawakuolewa ukoo mmoja. "Petali nyembamba kama ganda la kitunguu, ukiipeleka motoni inapasuka. Mimi hayo nimezaliwa nayo."

"Basi wewe uliyezaliwa nayo tupe udongo usiotaka moto."

Hapo Kibibi akanyamaza, na Kibibi kunyamaza ni habari ya kutembezwa nyumba kwa nyumba.

Siku ya pili akaanza. Alichukua udongo mweupe wa bondeni, akauchuja kwa kanga mara tatu, akauchanganya na wanga wa muhogo na gundi nyeupe ya maseremala, akakamulia ndimu usiote ukungu, akakanda na mafuta ya nazi mkononi. Akafanya ua moja la kujaribia. Kisha akafanya kosa ambalo mwanamke yeyote wa Kisimani angelifanya: akaupandisha udongo juu ya bati, kwenye jua kali, kama anavyoanika makopa ya muhogo. Jioni akaushusha umechanika kama kisigino cha kiangazi.

Mwanakombo akalichukua lile ua, akalitazama. "Hili mpe Bi Mize ajisugulie miguu."

Kibibi akakanda upya, mara ya pili, mara ya tano. Aligundua kwamba udongo huo hautaki kukimbizwa. Ukikauka nje haraka, ndani bado mbichi, unajivuta wenyewe na kuchanika. Akauweka chumbani penye kivuli, akaufunika kwa kawa la ukindu, lile la kufunikia chakula, upepo upite kwenye matundu na nzi wasipite. Asubuhi anaugeuza, jioni anaugeuza, kama mgonjwa. Siku ya nne akagonga ua kwa ukucha, likalia kama kikombe. Hakuna ufa hata mmoja. Akalipitisha milango yote ya mtaa, na kila mlango akasema, "Gonga na wewe."

Udongo ukawa tayari. Mwanakombo akaketi nao. Kitana cha zamani alikivunja jino moja, ndiyo ilikuwa kalamu yake. Aliviringisha vitumba vya asumini, vingine vimefumba, vingine vinaanza kufumbua mdomo, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele wa pishori. Majani ya rehani aliyachora mishipa kwa lile jino, mshipa mkubwa katikati na midogo pembeni, na jani moja akalitoboa kitundu, kama lililoliwa na mdudu.

Zuwena akauliza, "Hilo kwa nini umeliharibu?"

"Umewahi kuona mrehani usioliwa na mdudu? Wanawake wa Kisimani wataliangalia hilo kwanza. Wakiliona, watasahau kwamba ni udongo."

Aliunganisha vitumba kwa udongo uliolegezwa na maji, akaacha nyeupe ya udongo iwe nyeupe ya ua, akapaka kijani majani tu. Mwishowe akapitisha rangi ya kucha isiyo na rangi, kikuba kikang'aa kama kimetoka kunyunyiziwa maji, akakiacha dirishani wiki nzima harufu ile imalizike. Siku ya nane Bi Mize alikuja, akakiinamia, akavuta pumzi kwa pua. Alikuwa anakinusa. Kisha akakumbuka, akajifanya anapenga kamasi. Wote watatu walimwona, na wote watatu walijivuna.

Kikuba kikawa kizuri. Lakini uzuri wa kitu kilichokaa kwenye sahani ni wa sahani. Kibibi alikigandisha pini moja kwa nyuma, wakambandika Hidaya kwenye kanga wamwone. Kikuba kikainama mbele kama mlevi anayetafuta kiatu chake, kikavuta kanga, kikaanguka. Vitumba viwili vikakatika. Mwanakombo akaketi sakafuni, akavitafuta kwa vidole huku machozi yanamtoka, na wala hakuficha.

Zuwena akakiokota kilichobaki. "Leteni huku," akasema. "Nyinyi mmefanya ua. Nguo hamkuiuliza."

Akaiuliza nguo. Alichukua hariri ya harusi, akaipima mkononi, akajua inabeba nini na haibebi nini. Alikata kipande cha ngozi laini kutoka kwenye mkoba wa marehemu mumewe, akakikata kwa umbo la kikuba, kidogo kuliko chenyewe kwa upana wa uzi, kisionekane pembeni. Akashonea humo pini mbili badala ya moja, juu kabisa, zimeachana vidole viwili, kwa mshono ule ule wa tundu la kofia, kisha akaigandisha ngozi kwenye udongo. Akashona na kitambaa kingine cha kukaa ndani ya gauni, pini zipite humo, uzito ushikwe na kitambaa na hariri isivutwe hata uzi mmoja. Mwanakombo alikwisha kurudishia vitumba vyake viwili. Wakambandika tena Hidaya.

"Ruka," Zuwena akamwambia.

Hidaya akaruka. Kikuba hakikutikisika.

"Inama kama unamsalimu mama mkwe."

Akainama mpaka chini. Kikuba kikamfuata kama kimeota kifuani mwake.

Usiku wa kuamkia harusi Zuwena hakupata usingizi mzito. Kazi yake yote ilikuwa nyuma ya kikuba, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Hilo halikumsumbua, kofia nazo zina upande wa ndani, na fundi hujulikana kwa upande wa ndani. Kilichomsumbua ni kwamba alijikuta analitamka jina lake mwenyewe, polepole, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto arudi kula.

Siku ikafika. Ukumbi wa wanawake ulijaa mpaka kwenye kizingiti. Hidaya alikaa juu ya mkeka mpya, gauni la hariri, kifua kitupu. Kikuba kililetwa kwenye sinia, na wanawake wakanyoosha shingo.

"Asumini hiyo imetoka wapi msimu huu?" mmoja akauliza.

"Kisogezeni mbali, mtamuua mtoto wa watu," mwingine akadakia.

"Kinuseni kwanza ndipo mpige kelele," Bi Mize akasema. Wakanusa. Hakuna harufu. Mmoja akaona tundu la mdudu, akataka kumtafuta mdudu mwenyewe. Ilipojulikana kwamba ni udongo, vigelegele vilipanda mpaka wanaume wa nje wakauliza kulikoni.

Bi Mize akanyanyua mkono. "Aliyekifanya, asimame ambandike."

Wakasimama watatu.

Ukumbi mzima ukasogea mbele, kama watu wanaojua watakuwa na la kusimulia.

"Mimi," akasema Kibibi. "Udongo usio na moto Kisimani haukuwepo mpaka nilipoutoa. Bila mimi, hawa wawili wangekuwa wameshika unga. Na wakwe zangu mpo hapa, mnanisikia. Wajukuu wa kike kumi na mmoja, hakuna Kibibi hata mmoja."

Wakwe wakatazama chini.

"Mimi," akasema Mwanakombo. "Udongo ni udongo, hata barabarani upo. Mliounyooshea shingo ni mkono wangu. Miaka thelathini nawapamba, na kazi yangu yote imekwenda na maji ya kuogea. Hii ndiyo ya kwanza itakayobaki. Nataka na jina libaki."

Zuwena akasema, "Mimi." Akakigeuza kikuba kwenye sinia, wanawake wakaona ngozi, mshono na pini mbili. "Hawa wamefanya pambo. Nimelifanya kikuba mimi. Kisichokaa kifuani si kikuba."

Mwanamke mmoja mwenye huruma, aliyekaa karibu na mlango, akasema kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Mpeni Zuwena jamani. Wale wana watoto wao. Huyu maskini hana kitu."

Vichwa vikaanza kutikisika kukubali. Ilikuwa imebaki kidogo tu.

Zuwena akageuka. Hakukasirika, ila alisimama wima. "Dada, ahsante. Lakini kama ni huruma mnanipa, siitaki, nitarudi kukaa sasa hivi. Mtoto asiitwe jina la maskini. Kama ni kazi yangu, nipeni, nami nitalipokea kwa mikono miwili."

Vichwa vikaacha kutikisika.

Mmoja akapendekeza wapige kura ya vijiti. Bi Mize akamtazama. "Jina la mtu, tulipigie vijiti kama mabaki ya kitoweo?" Mwingine akasema mtoto apewe majina yote matatu. "Na akiitwa kutumwa dukani," Bi Mize akauliza, "mpaka mumalize kumwita, duka si litakuwa limefungwa?" Akamgeukia mjukuu wake. "Hidaya, sema wewe."

"Bibi," Hidaya akasema, "wote watatu wamenifanya nikae hapa leo napumua. Mimi nikichagua mmoja, nimewakana wawili. Usinitie kwenye hilo."

Bi Mize, aliyekuwa na jibu la kila jambo mtaani, akalivuta sinia karibu yake, asimpe mtu. Nje, upande wa bwana harusi wameanza kugonga mlango.

Basi hapo ndipo walipo. Udongo wa Kibibi, asumini ya Mwanakombo, mshono wa Zuwena. Ondoa kimoja, biharusi hana kikuba. Binti wa Hidaya hajazaliwa bado, na jina lake limo humu ukumbini, limesimama kwa miguu sita.

Je, nyinyi mlioketi hapa, mngeamua vipi? Nani asogee mbele achukue sinia? Na atakayemtaja Zuwena, kabla hajafungua kinywa, ajiandae kumweleza ni kazi gani hasa iliyompa ushindi, maana atauliza, na atamtazama machoni akisubiri jibu.