Nujuma na Mabega ya Majini

Sultani Mudhafari alitawala mji wa Jabalfaruzi, baina ya milima miwili mirefu, na raia zake walikuwa na ujinga mmoja: heshima ya mtu waliipima kwa urefu wa nyumba yake ya mawe, na kila kijana akioa, humtwika babake ghorofa nyingine kichwani.

Adhuhuri moja ardhi ikatetemeka, na maghorofa yakamwagika kama dengu, na ubavu wa mlima ukaporomoka ukaziba mto, na maji yakawa yanapanda nyuma ya kifusi, juu ya mji. Wenye miguu wakakimbia. Nujuma, mpishi wa karamu, hakukimbia, kwani babake alikuwa kiwete na hakuna aliyejitolea kumbeba.

Sultani akanadi, "Atakayetuokoa na gharika hii ataomba alitakalo, hata nafsi yangu!"

Nujuma akasikia sauti mbili zikigombana ndani ya ufa uliopasuka. Na ada ya mji ule ni kuwa wagombanao hulishwa sinia moja, na wakishakula hawainuliani mkono. Basi akapakua biriani, akajitwika sinia, akashuka. Akawakuta majini wawili ndugu, Zamharuni na Kashkashi, wamesukumana bega kwa bega, kila mmoja na mlima wake mgongoni.

"Hamna haya, majitu mazima! Mmetuvunjia mji!"

"Ewe binti Adamu," akasema Zamharuni kwa taadhima, "tumeamriwa kusukumana, na ndivyo milima inavyonyanyuka. Mabega yetu hunatana miaka mingi, na yakichomoka ghafla, ndiyo hayo yaliyowafika."

"Anayenata ni yeye," akasema Kashkashi. "Haogi."

"Mimi siogi?" Na ardhi ikaanza kutikisika tena.

"Kaeni mle!" akafoka Nujuma.

Wakala hata wakaramba sinia, na haya ya wali ikawashika. "Sema haja yako."

"Nifungulieni mto. Polepole, si kwa kishindo."

Kashkashi akapenyeza kidole chini ya kifusi, na maji yakatoka taratibu kama ya birika, na mji ukasalimika, na babake Nujuma kitandani asilowe hata ukucha.

"Na tetemeko?"

"Litarudi. Hatuna ruhusa ya kuacha."

Sultani akampokea kwa heshima zote. "Ewe lulu ya zama, omba."

"Nakuomba wewe, bwana wangu, maana umejinadi mwenyewe. Lakini siolewi ghorofa ya saba ya jumba lako. Bomoa yaliyosalia, ujenge chini, kwa mbao."

Waziri akaguna, "Na heshima ya Sultani je?"

"Ya juu ndiyo iliyotangulia kuanguka, mheshimiwa. Hukuiona?"

Sultani akacheka, akabomoa, na raia wakamfuata. Ardhi ikatikisika siku ya harusi yenyewe, na kilichoanguka ni kilemba cha waziri. Wakaishi kwa neema na watoto tele. Nanyi mliosikia, shikeni hili: ukilala na mrusha mateke, usimsihi atulie, shusha kitanda.