Ndiyo Tatu za Bwana Ormerod

Wilfred Ormerod alikuwa mwoka mikate katika mji wetu wa Bacup, mji wa mawe na manyunyu ulio bondeni kaskazini mwa Uingereza. Kila asubuhi harufu ya pai zake za nyama na viazi iliwatoa watu vitandani upesi kuliko saa ya kengele, na kabla duka halijafunguliwa foleni ilikuwa imeshapinda kona. Matanuri yake mawili yalikuwa ya umeme, mapana kama makabati ya nguo, nayo yaliubugia umeme kama moto unavyobugia nyasi kavu. Kwa mtu kama huyo, mkataba wa umeme haukuwa karatasi ya kupuuzwa.

Isitoshe, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wenye maduka wa barabara ile. Hakuna mkutano uliokwisha bila ya yeye kuwahubiria wenzake: soma kabla ya kutia sahihi, jua siku mkataba wako unapokwisha, tafuta bei mapema, usisubiri kampuni ikuamulie. Yalikuwa maneno ya kweli tupu. Taabu ni kwamba mhubiri mwenyewe hakuyafuata.

Mkataba wake wa miaka mitatu ulikuwa unakwisha mwishoni mwa Septemba. Mwezi wa Julai kampuni ilimwandikia kumkumbusha kwamba anaweza kuchagua bei mpya au kuhamia kampuni nyingine. Bwana Ormerod aliisoma nusu barua ile, akaichomeka nyuma ya kopo la hamira. Mkewe, Glenys, alimuuliza mara mbili ameamuaje, na mara zote mbili alijibiwa kwamba ni kesho. Kesho ile ikazaa kesho nyingine, hata Oktoba ikabisha hodi na bili mkononi. Kwa kuwa sasa hakuwa na mkataba wowote, kampuni ilikuwa imemtoza bei ya wasio na mkataba, karibu maradufu ya ile aliyoizoea. Bwana Ormerod aliikodolea macho bili ile kana kwamba imeandikwa kwa lugha ya majini.

Alipokuwa bado anajiuliza aanzie wapi, simu ikalia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, foleni imefika mlangoni. Kijana mwenye sauti tamu kama asali alijitambulisha kwa jina la Lance, akasema anapiga kutoka kitengo cha mikataba cha kampuni yake ya umeme, na kwamba ameiona bili ile mbaya na anataka kuishusha. Bwana Ormerod alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, mikono yote miwili imezama kwenye unga. Lance alisoma masharti kwa kasi ya maji ya mtaro, kisha akauliza maswali matatu. Je, wewe ndiye mwenye duka? Ndiyo. Umeyasikia masharti na kuyaelewa? Ndiyo. Unayakubali? Ndiyo. Bwana Ormerod alikata simu, akaendelea kukanda huku akipiga mluzi.

Wiki moja baadaye posta ilimletea matokeo ya ndiyo zake. Alikuwa ameingia mkataba wa miaka minne na kampuni ambayo hakuwahi hata kulisikia jina lake. Lance hakuwa mfanyakazi wa kampuni yoyote ya umeme. Alikuwa dalali, na kila yuniti ambayo Bwana Ormerod angeitumia kwa miaka hiyo minne ilikuwa imeongezwa bei ili dalali huyo apate fungu lake nono. Alipopiga simu kuvunja mkataba, alielezwa kwa upole unaochefua kwamba mteja wa nyumbani hupewa siku kumi na nne za kujuta, lakini mwenye biashara hapewi hata saa moja. Sauti yake ilikuwa imerekodiwa, na ndiyo ya mdomo ilikuwa na nguvu sawa na sahihi ya kalamu.

Hapo mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kwa mkewe, au kwa wenzake wa chama, akalitua zigo lake. Bwana Ormerod hakuthubutu. Angewatazamaje usoni? Mwenyekiti mzima, aliyewaonya wenziwe mwaka baada ya mwaka, aseme amelaghaiwa huku akikanda unga? Aliupandisha mkataba ule kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya makopo ya keki, mahali ambapo Glenys, aliyekuwa mfupi, asingefikia bila ngazi. Kisha akaanza kupigana peke yake, kwa siri.

Na vita vyenyewe vilikuwa vya kuota mvi. Kila alipopiga simu, mashine ilimwambia kwamba simu yake ni ya thamani sana kwao, kisha ikamwacha akisubiri kwa muziki wa filimbi kwa dakika arubaini. Kampuni mpya ilimwambia azungumze na dalali. Kwa dalali aliambiwa azungumze na kampuni. Ile ya zamani ilimwambia kwamba ameshahama na si mteja wao tena. Mwanamke mmoja aliahidi kumpigia Alhamisi, na Alhamisi sita zikapita. Alijaribu kuhamia kampuni ya tatu, maombi yake yakapingwa: huwezi kuhama ukiwa ndani ya mkataba. Simu hizo zote alizipigia uani, amesimama kati ya mapipa ya taka, mvua ikimtiririka shingoni, ili mkewe asisikie.

Alipoona hapenyi, akaanza kujibana. Alizima tanuri moja, pai zikawa zinatoka kwa mafungu mawili na foleni ikanung'unika. Alizima jokofu la kaunta kila jioni, keki za krimu zikachacha. Mwishowe akapunguza saa za kazi za Beryl Nuttall, mama aliyemfanyia kazi kwa miaka kumi na tisa na ambaye mikono yake ndiyo iliyojua siri ya ganda la zile pai. Alimwambia kwamba biashara imelala. Beryl aliitazama foleni iliyokuwa mlangoni, akamgeukia.

"Kama hunitaki tena, Wilf, niambie nijue moja," alisema. "Lakini usinifanye mjinga. Macho ninayo."

Bwana Ormerod aliinamia trei ya pai. Majuma mawili baadaye Beryl alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kaunta. Alikuwa amepata kazi katika duka kubwa la mji wa jirani, Rawtenstall.

Glenys aliyaona hayo yote. Mume anayenong'ona na simu uani, anayeruka usingizini, anayemwachia mfanyakazi kama Beryl aende zake bila sababu, huyo ana moja kati ya mambo mawili. Kwanza alifikiri ni ugonjwa, akawa anamchunguza kama daktari kila anapovua shati. Kisha akafikiri lile jambo la pili. Mchana mmoja wa Januari alifungua mlango wa uani, akamkuta mumewe amelowa chapachapa, simu sikioni.

"Anaitwa nani?" aliuliza Glenys.

"Nani?"

"Huyo mwanamke."

Bwana Ormerod aliishusha simu. Filimbi ilikuwa bado inalia ndani yake.

"Si mwanamke, Glenys. Ni umeme."

Glenys aliketi juu ya kreti ya maziwa. Mumewe akamweleza yote, tangu barua ya Julai hadi zile ndiyo tatu, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mkewe ulivyozidi kuiva kwa hasira.

"Miezi mitatu nimekuwa nikijiandaa kuwa mjane," alisema Glenys mumewe alipomaliza. "Miezi mitatu, Wilf. Beryl ameondoka akidhani amekukosea. Na wewe umekaa na mapipa ya taka unasikiliza filimbi."

"Mimi ni mwenyekiti, mke wangu. Watanicheka."

"Wewe ni mwoka mikate. Na wacheke. Jumanne kuna mkutano. Utawaambia wewe mwenyewe, au nitasimama mimi niwaambie, na mimi sitakupamba."

Jumanne ilipofika, wenye maduka kumi na mmoja walikusanyika katika chumba cha nyuma cha maktaba. Bwana Ormerod alisimama, akakohoa, akawaeleza. Hakujipamba. Alipofika kwenye habari za kijana mwenye sauti tamu, alijiandaa kwa kicheko. Hakikuja. Badala yake Nasreen Akhtar, mwenye duka la kufulia nguo lililo mkabala na lake, alifungua mkoba wake pole pole.

"Kijana huyo," aliuliza, "alijiita Lance?"

Akatoa mkataba uliokunjwa mara nane, kingo zake zimechakaa kama noti ya zamani.

"Natembea nao tangu Novemba," alisema. "Mume wangu hajui hadi leo. Mashine zangu za kukaushia zinanifilisi."

"Lakini Bi. Nasreen, kwa nini hukuniambia?" aliuliza Bwana Ormerod kwa mshangao. "Duka lako na langu ni hatua kumi."

"Nikuambie wewe, Bwana Wilf? Wewe ungenihubiria."

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, na mwenyekiti mwenyewe akacheka hadi akafuta machozi. Kicheko kilipotulia, fundi viatu akainua mkono. Kisha kinyozi. Wanne walikuwa wameumwa na nyoka yule yule, na kila mmoja alikuwa akilificha jeraha lake nyuma ya pazia lake.

Nasreen ndiye aliyekuja na hoja. Kwa kuwa kesi yote ilisimama juu ya sauti zilizorekodiwa, alisema, basi wazidai sauti hizo. Bwana Ormerod alikuwa ameshawahi kuidai yake, akajibiwa kwamba haionekani. Safari hii waliandika barua moja yenye majina manne, wakataja tarehe na saa ya kila simu. Ajabu ni kwamba sauti zilizokuwa hazionekani zilionekana zote. Walizisikiliza pamoja kwenye duka la mikate, chai ikipoa mbele yao. Katika zote nne, kabla ya swali la kwanza, kijana yule alisema kwa kinywa chake kwamba anapiga kutoka kampuni yao ya umeme. Ulikuwa uongo mtupu, na sasa walikuwa nao mkononi.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Malalamiko yao yalikaa majuma manane bila jibu la maana, ndipo wakaruhusiwa kuyapeleka kwa msuluhishi wa migogoro ya umeme. Fomu ya fundi viatu ilirudishwa mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya kisanduku kimoja kisichojazwa. Kinyozi aliapa kwamba ni heri anyolee watu gizani kuliko kujaza karatasi nyingine, na Glenys akamkalisha kitako, akamshika mkono kama mwanafunzi hadi akamaliza. Mwishoni mwa Mei uamuzi ulitoka. Mikataba yote minne ilivunjwa bila faini, na bili zikakokotolewa upya. Lakini ile bei kali aliyotozwa Bwana Ormerod kabla ya simu ya Lance haikurudi hata senti. Hiyo haikuwa hila ya dalali, ulikuwa uzembe wake mwenyewe.

Safari hii, wakitafuta mkataba mpya, walifanya kazi kama watu walioungua. Kila mmoja alileta bili za mwaka mzima, wakajua hasa wanatumia yuniti ngapi. Walisoma mita zao wenyewe badala ya kukubali makisio. Waliomba bei kwa maandishi kutoka kampuni nne, siku moja, wakazilinganisha mezani. Dalali mmoja aliyejitokeza aliulizwa kwanza yeye atalipwa nini na kutoka wapi, akaaga haraka. Bei waliyoichagua ilikuwa ya kadiri, na siku ya kuhama hakuna taa iliyopepesa wala tanuri lililopoa. Ulikuwa umeme ule ule katika nyaya zile zile, jina tu ndilo lililobadilika juu ya bili.

Lilibaki jambo moja. Bwana Ormerod alipanda basi hadi Rawtenstall, akamkuta Beryl nyuma ya kaunta inayong'aa, nywele zake zimefungwa kwa wavu. Alimwambia ukweli wote mbele ya wateja, akamwomba radhi, akamsihi arudi.

Beryl aliweka kando mkate aliokuwa akiufunga.

"Ungeniambia Oktoba, Wilf, ningekaa nawe hata kwa nusu ya mshahara," alisema. "Sasa hapa nimeshazoea. Na Jumapili napumzika."

Bwana Ormerod aliitikia kwa kichwa. Alinunua mkate ambao hakuuhitaji, akarudi nao Bacup mapajani mwake. Tanuri la pili liliwashwa tena, foleni ikarudi hadi kwenye kona, na mfanyakazi mpya akajifunza kazi kwa bidii. Lakini wateja wa zamani husema hadi leo kwamba ganda la zile pai si kama lilivyokuwa, naye hawabishii.

Alikaa miezi mitatu kati ya mapipa ya taka akiificha aibu yake, asipate chochote ila bili na mfanyakazi aliyemkimbia. Alisema kwa dakika kumi mbele ya wenzake, akapata mashahidi, ushahidi na njia ya kutokea. Ama kweli, mficha uchi hazai.