Hodi Tatu za Hilali

Mlango hufunguliwa, kiti hutafutwa. Ndivyo alivyosema shangazi yenu Siwema asubuhi hii, Mwavita alipoingia akipunga pasipoti yake juu, viza imebandikwa ndani. Mkacheka, mkadhani shangazi ana kijicho. Hana. Methali hiyo si ya kale wala hatukuachiwa na mababu. Imezaliwa hapa hapa Ujiji, katika mtaa huu, na waliokuwapo ilipozaliwa bado wanakula ugali wao. Basi sogezeni mkeka, na nyinyi mnaochezea simu ziwekeni chini kidogo, maana ilianza hivi.

Palikuwa na kijana akiitwa Hilali Mrisho, mjukuu wa Bibi Mwamini. Bibi huyo ndiye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, na kama kuna mtu aliyekuwa mkali wa adabu katika mji huu, ni yeye. Kwake hodi ilikuwa tatu, hazipungui wala hazizidi. "Ya kwanza wakusikie," alikuwa akimwambia, "ya pili wajisitiri, ya tatu waamue. Wasipojibu, rudi ulikotoka na usinung'unike." Na ukishakaribishwa ndani, husogelei kiti mpaka mwenyeji akuonyeshe. Siku moja Hilali, angali mdogo, aliingia kwa jirani akajitupa kwenye kiti cha baba mwenye nyumba. Bibi Mwamini alimwinua kwa sikio mbele za watu, akamrudisha hadi mlangoni aanze upya. Tangu siku ile Hilali hakukosea tena. Wazazi wa mtaa mzima walikuwa wakiwasuta watoto wao kwa jina lake, na bila shaka watoto hao hawakumpenda.

Hilali akasoma, akafaulu, akaomba nafasi ya kwenda kusomea uhandisi wa maji katika nchi moja ya mbali, kule kwenye baridi. Chuo kikamkubali na kumpa ufadhili. Hapo ndipo hangaiko la viza lilipoanza. Alisafiri hadi Dar es Salaam kwa treni, akapimwa kifua, akachukuliwa alama za vidole, akaulizwa maswali na mtu aliyekaa nyuma ya kioo. Akarudi Ujiji kusubiri. Bibi Mwamini alikonda kwa kusubiri kuliko yeye. Viza ilipotoka, mtaa ulilipuka kwa vigelegele, ikasomwa maulidi, na kila nyumba ikataka Hilali aende kuaga na kula. Mtu wa mtaa huu alikuwa hajawahi kuvuka bahari kwa ajili ya masomo. Watu wakasema, "Hilali amefika." Na hajapanda hata ndege! Yeye mwenyewe alilisikia neno hilo mara nyingi hata akaliamini.

Kwa kuaga huko akachelewa, akafika kule wiki ya usajili ikiwa imekwisha kuanza. Katika uwanja wa ndege, ofisa wa uhamiaji aliitazama viza, akamtazama usoni, akagonga muhuri na kumwambia, "Karibu." Hilali nusura alie. Kumbe hata hawa wanajua kukaribisha!

Sheria ya kule aliijua, msidhani alikuwa mjinga. Chuo kilikuwa kimemwandikia waziwazi. Mgeni mwenye viza ya masomo hahesabiki kuwa mwanafunzi mpaka afike mwenyewe katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, aonyeshe pasipoti, vyeti halisi na cheti cha kifua, achague masomo yake, aandikishwe. Wiki ya usajili ikipita bila ya kuandikishwa, nafasi yake inafutwa, chuo kinawaarifu watu wa uhamiaji, na viza inakufa. Baada ya hapo ni kufunga mizigo.

Basi Jumanne asubuhi, Hilali akavaa koti alilonunuliwa mitumbani Kigoma, akaibeba bahasha ya vyeti kifuani na kwenda ofisini. Akaukuta mlango umefungwa. Kule milango hufungwa kwa sababu ya baridi, lakini yeye hilo angelijuaje? Akabisha hodi. Kimya. Akangoja kidogo, wajisitiri, akabisha tena. Kimya. Akabisha ya tatu. Mlango ule ulikuwa mnene, na wa ndani hata hawakusikia kama kuna mtu. Hilali akageuka, akaondoka, wala hakunung'unika.

Alasiri akarudi, hodi tatu, kimya, akaondoka. Wakati anashuka ngazi, vijana wawili walimpita, wakausukuma mlango kwa bega na kuingia bila hata salamu. Hilali akawasikitikia kwa jinsi walivyolelewa.

Jirani yake wa bwenini, kijana mpole mwenye haraka zake, alimuuliza, "Umeshakwenda ofisini?"

"Nimekwenda," Hilali akajibu, na hakusema uongo.

"Basi vizuri," jirani akasema, akashika njia yake.

Jumatano kuna mtu aliyekuwa akitoka akamshikia mlango, naye ndiyo kwanza akaingia. Ndani mlikuwa na ukumbi wenye viti vingi, meza tatu za makarani, na kando ya mlango kimashine kidogo kilichokuwa kikitema vikaratasi vya namba. Watu waliingia, wakachomoa karatasi, wakaketi, wakaitwa. Hilali akasimama ukutani, akamsubiri mwenyeji amwonyeshe pa kukaa. Alidhani vile vikaratasi ni vya watu waliokwisha kupewa miadi. Karani mmoja, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo, alimwona na kumtabasamia. Hilali akainamisha kichwa kwa heshima. Akasema moyoni, ameniona, ataniita. Akasimama hadi miguu ikafa ganzi, taa zikazimwa, watu wakatoka, naye akatoka. Alhamisi ikawa vivyo hivyo. Yule mama akatabasamu tena, na tena hakumwita.

Hapo hofu ikamshika barabara. Alianza kuhisi kwamba wenyeji wamemkataa kwa adabu, kwamba ule ukimya ndio jibu lao. Ijumaa alipoamka akakuta ujumbe wa chuo kwenye simu: hujaandikishwa, leo ofisi inafunga saa kumi alasiri, na baada ya hapo nafasi yako itafutwa na idara ya uhamiaji itaarifiwa. Aliusoma akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Aliona uso wa bibi yake, akaiona ile maulidi, akaziona nyumba zote alizokula akiaga. Angezipita vipi barazani akirudi na begi lake kabla hata wali wa kumuaga haujasahaulika? Aliogopa kupiga simu nyumbani, lakini mchana ulipoingia hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

Bibi Mwamini alikuwa kwenye shughuli. Kwa jirani palikuwa na harusi, na wanawake wa mtaa walikuwa uani wakimenya vitunguu na kuchambua mchele. Simu ilipokelewa katikati ya kelele za sufuria.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu! Mbona sauti imekunyauka? Baridi hiyo?"

Hilali akamweleza yote: mlango, hodi tatu, kusimama ukutani, na saa kumi inayokuja. Alipomaliza, Bibi akaweka kisu chini.

"Wewe Hilali," Bibi akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Ulipotua na ndege, wenye nchi walikwambiaje?"

"Waliniambia karibu, Bibi. Wakanigongea muhuri."

"Sasa hodi unampigia nani? Hodi yako si imeshajibiwa! Umo ndani ya nyumba ya watu na bado unagonga kuta!"

"Lakini kiti, Bibi. Hakuna aliyenionyesha kiti. Wewe ndiye uliyenifunza."

"Nilikufunza ugeni. Huko umekwenda ugeni? Umekwenda kulishwa wali?" Bibi Mwamini alikuwa amekwisha kupandwa na hasira, na wanawake wenzake waliacha visu wakasikiliza. "Umeitwa kazini, mwanangu. Hapa nilipo niko kwenye shughuli, nimekalia ndoo niliyoipindua mwenyewe. Nani angenitafutia kigoda na watu mia wanataka kula? Mwenye shughuli alinipokea mlangoni, akaenda zake. Ningesimama ukutani kungoja, hivi vitunguu vingemenywa na nani? Mlango hufunguliwa, kiti hutafutwa! Kata simu uende, maana ukirudishwa mimi sina uso wa kuutoa nje."

Na simu akaikata yeye.

Hilali alitoka mbio, vifungo vya koti havijafungwa. Mlangoni mkono wake uliinuka wenyewe kutaka kubisha. Akaushusha, akasukuma kwa bega, akaingia. Akachomoa karatasi ya namba, akatafuta kiti, akaketi. Msicheke. Kwa mtu aliyewahi kuinuliwa kwa sikio, kuketi vile kulikuwa kazi kubwa. Alijiona kama ukumbi mzima unamtazama, kumbe kila mtu alikuwa na shida zake.

Siku ya mwisho watu huwa wengi. Namba zilipanda kwenye ubao wa taa ukutani, polepole, na saa nayo ikaenda. Karani mmoja akafunga meza yake, halafu wa pili. Akabaki yule mama wa miwani. Ikaitwa namba iliyotangulia ya Hilali, akaenda msichana mmoja, akaandikishwa, akatoka akirukaruka. Hilali akaishika karatasi yake mpaka ikalowa jasho. Ilibaki yeye tu.

Yule mama akainua macho, akauona ukumbi umebaki na mtu mmoja, akamtambua, akamtabasamia kama siku zote. Kisha akanyoosha mkono akauzima ule ubao wa namba, akaanza kukusanya kalamu zake.

Zamani, yaani jana yake, Hilali angeinamisha kichwa na kuondoka. Aliinuka, akapita ule ukumbi mzima, akavuta kiti kilichokuwa mbele ya meza ya yule mama, akaketi.

"Samahani," mama akasema kwa mshangao. "Sijakuita."

"Najua hukuniita, mama. Jina langu Hilali Mrisho. Nimekuja kuandikishwa, na namba yangu ni hii. Tafadhali, saa kumi bado."

Yule mama alivaa miwani, akaitazama karatasi, akamtazama yeye. "Wewe? Siku zote umesimama pale ukutani! Nilidhani unamngoja mwenzako utoke naye."

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Na mimi ningekuita kwa namba gani, na wewe huna?" Akageuka kuitazama saa ya ukutani. "Haya, lete pasipoti. Haraka! Saa kumi hii mashine inajifunga yenyewe, na hapo siwezi kukusaidia hata nikitaka."

Hilali akampa pasipoti. Akampa vyeti na orodha ya masomo aliyoyachagua. Cheti cha kifua kikang'ang'ania ndani ya bahasha, akaichana bahasha. Mama akabonyeza, akasoma, akabonyeza. Ghafla vidole vyake vikasimama.

"Umechagua masomo matatu tu."

"Ndiyo, mama. Nilianza na kidogo." Maana kwa Bibi Mwamini mgeni hajazi sahani mara ya kwanza.

"Mwenye viza ya masomo hasomi nusu! Ni manne, au sikuandikishi. Taja la nne. Taja!"

Mshale wa saa ulikuwa umekaribia kufika. Hilali akafumba macho, na kilichomjia ni ua wa kule nyumbani na bibi yake juu ya ndoo.

"Maji machafu," akasema. "Somo la kusafisha maji machafu."

Mama akabonyeza mara ya mwisho. Pembeni, mashine ya kuchapa ikanguruma, ikatoa karatasi yenye jina la Hilali Mrisho na neno moja chini yake: ameandikishwa. Kisha kioo cha kompyuta kikafifia na kuzimika. Hilali akabaki pale kwenye kiti, machozi yanamtoka bila aibu, na yule mama akamwacha alie mpaka akaridhika.

Huku Ujiji maneno ya Bibi Mwamini hayakuingoja simu ya pili. Wanawake waliokuwa uani waliyabeba pamoja na masinia, na kabla harusi haijakwisha mtaa mzima ulikuwa ukiyasema. Hilali alimaliza masomo yake yote, akarudi, na huko Kasulu kuna vijiji vinavyokunywa maji ya kazi yake. Bibi Mwamini hakukubali hata siku moja kwamba yeye ndiye aliyemponza kwanza. Alisema yeye alifunza adabu zote mbili, ila mtoto alishika moja.

Hiyo ndiyo asili yake. Sasa Mwavita, mwanangu, nikuulize wewe. Viza tumeiona, na vigelegele tumepiga. Ile barua ya chuo inayokuuliza utaripoti lini na masomo gani umechagua, umekwisha kuijibu?

Unatikisa kichwa. Bado.

Basi hapo ulipoketi inuka, mwachie mwenzio. Kiti chako kiko kule, na hakuna atakayekuja Ujiji kukuonyesha. Mlango hufunguliwa, kiti hutafutwa.