Gitaa Lisilopigika

Mtu mmoja wa huku kwetu milimani alikuwa na baba asiyesema na gitaa lisilopigika. Vyote viwili vilimfikia siku moja, juu ya lori moja la mbao, na vyote viwili hakuviomba.

Jina lake Mbonea. Baba yake, Mzee Eliakimu, aliteremka kwenda mashamba ya mkonge wakati Mbonea bado anabebwa mgongoni. Mwanzoni alituma salamu na kanga, kisha akatuma salamu tupu, kisha hakutuma kitu. Mtoto akakua, akalima tangawizi, akaoa. Mama yake akafa akiwa bado anachungulia barabara. Ndipo lori likasimama mlangoni, wakamshusha mzee amelegea upande mzima wa kulia, mdomo umepinda, ulimi hautoi neno. Kiharusi kilimpata huko huko kambini. Mzigo wake ulikuwa blanketi, shati moja, kipande cha chuma laini cha kuenea kiganjani, na gitaa kuukuu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nawajua, mmeshaanza kumtafutia Mbonea makosa. Mtu huyu hakuwa mbaya. Alimwosha baba yake kila asubuhi, akamlisha uji, akamgeuza kitandani asipate vidonda. Majirani walimsifu, na walikuwa na haki ya kumsifu. Lakini hakuongea naye. Alimtunza kama mtu aliyeachiwa mzigo wa watu stendi, anaulinda tu, anangoja mwenyewe aje auchukue. Moyoni mwake lilikaa neno moja, nalo lilimchoma: miaka yote ile, mzee, na ulichoniletea ni gitaa bovu!

Na kweli kila aliyeliona alisema ni bovu. Shingo yake ilikuwa nene, ya pembe nne kama fremu ya mlango, kiganja cha mtu hakiwezi kuizunguka. Nyuzi zake zilikaa juu mno, mbali na shingo. Ungezibana mpaka vidole vichubuke na zisingefika chini. Mbonea alijaribu. Alikaa kando ya kitanda cha baba yake, akalishika kama wanavyoshika vijana wa kwaya, limesimama kifuani. Mzee alipoona hivyo alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na uhai, akaisukuma shingo ya gitaa chini. Mbonea akaliinua. Mzee akalisukuma tena, anaguna, machozi yanamtoka. Wakashindana hivyo siku nyingi. Mwishowe Mbonea akaelewa alivyoelewa yeye. Akamwambia mke wake, "Unaona? Hata hiki kibovu ananinyima." Akalitundika ukutani, juu kabisa, mkono wa mzee usipofika.

Na kile chuma? Nakundwa, mke wa Mbonea, alikiona kizito, kinang'aa, kinakaa vizuri mkononi, akakipeleka jikoni kupondea vitunguu saumu. Kila mzee alipokiona kinapanda na kushuka, alihangaika, akanyoosha mkono, akaguna. Wakasema, maskini, njaa hiyo. Wakamwongezea chakula. Mnacheka? Chekeni tu. Mzee wa watu alilishwa mpaka akanenepa, na hakuwa na njaa hata kidogo.

Mvua zikaja, jikoni kukavuja. Mbonea akaona aliuze lile gitaa apate mabati. Akalipeleka gulioni. Watu wakalishika, wakabana nyuzi, wakalirudisha wakifuta vidole. Mmoja akamshauri aliweke bandani kuku watagie humo. Akarudi nalo nyumbani, uso umemshuka, akajiambia kwamba kitu kama hiki hakiuziki mpaka kitengenezwe.

Basi akalipeleka kwa seremala. Seremala akaligeuza, akachungulia, akacheka, akasema kosa ameshaliona: aliyelitengeneza alikosea vipimo. Akachukua tupa akausugua ule mfupa mdogo unaobeba nyuzi pale juu ya shingo. Akausugua mpaka nyuzi zikashuka, zikalala karibu na mbao kama za gitaa lolote. Akalipaka vanishi likang'aa. Shingo nayo akaahidi kuiranda akipata nafasi, ipungue, ishikike. Mbonea alifurahi. Likawa linafanana na magitaa mengine. Ila ukilipiga, nyuzi zilikwaruza mbao, zikatoa mlio wa nzi aliyefungiwa ndani ya chupa.

Hapo nataka mtulie kidogo. Seremala yule hakuwa mlevi wala tapeli. Alifanya kazi kwa moyo, akatoza bei ya haki, akaenda kulala na dhamiri safi. Na mkono wake ule ule wa kutengeneza ndio ulioharibu. Mimi hilo linanitisha kuliko habari za wezi.

Habari za gitaa zikateremka mlima zikamfikia mwanamke wa Tanga, Bi Stamili, ambaye kazi yake ni kuzunguka akinunua vyombo vya muziki vya zamani, anavifufua, anaviuza. Akapanda mlima. Akabisha hodi, akakaribishwa, akaingia mpaka kitandani kwa mzee akamwamkia, "Shikamoo, baba," akasubiri, ingawa aliambiwa jibu halitatoka. Ndipo akaomba aone gitaa. Mbonea akamkabidhi limesimama. Yeye akakaa, akalilaza mapajani mwake, chali, nyuzi zikatazama dari. Akapitisha kidole juu ya ule mfupa uliosuguliwa. Uso wake ukabadilika.

"Nani amelikata hapa?"

"Tulilitengeneza, mama," Mbonea akajibu. "Lilikuwa bovu. Nyuzi zilikaa juu."

"Halikuwa bovu, kaka yangu. Mlilisimamisha tu. Hili ni la kulazwa."

Akawaeleza kwamba gitaa la namna hii halibanwi kwa vidole. Unalilaza mapajani, mkono wa kulia unapiga nyuzi, wa kushoto unateleza juu yake na kipande cha chuma. Ndiyo maana nyuzi zimeinuliwa, chuma kisigonge mbao. Ndiyo maana shingo ni nene, maana hakuna atakayeizungushia kiganja.

Mbonea hakusikia yaliyofuata. Alikuwa amegeuka anautazama mkono wa kushoto wa baba yake, umelala juu ya blanketi. Mkono ule haukumnyima. Siku zote zile, jamani, mkono ule ulikuwa unamfundisha! Baba aliyetoweka alikuwa amerudi na kitu kimoja tu cha kumpa mwanawe, hana ulimi wa kukieleza, na kila alipokilaza, mwanawe alikisimamisha. Mbonea akashika nguzo ya mlango.

Bi Stamili akalinunua hivyo hivyo lilivyo, akalipa, likawa lake. Lakini hakutaka kuteremka bila kusikia sauti yake. Akaagiza mfupa wa mguu wa ng'ombe buchani, akakaa uani, akaukata, akausugua, akaupima kwa jicho, akausugua tena. Jua lilimhama likamrudia. Alikwangua ile vanishi taratibu, kwa kipande cha chupa, mpaka mbao ya zamani ikatokea, nyeusi pale ambapo mkono wa mtu ulikuwa umeegemea kwa miaka. Nyuzi mpya akazitoa kwenye mfuko wake, akazifunga. Halafu akazikaza moja moja mpaka zote zikapatana zenyewe kwa zenyewe, hata mkono usiojua kitu ukizipiga zote pamoja, zinaitikiana.

"Chuma chake kiko wapi?" akauliza. "Haiwezekani liwe lilikuja bila chuma."

Nakundwa akaweka mkono mdomoni. Akaenda jikoni, akarudi nacho, kinanuka vitunguu saumu, akakifuta kwa kanga yake zaidi ya ilivyohitajika. Hakuna aliyecheka.

Bi Stamili angeweza kulipiga mwenyewe. Lilikuwa mali yake. Lakini alipoinua macho alimwona mzee kitandani kupitia mlango ulio wazi, amejiinua kwa kiwiko, shingo imemkaza, anatazama. Akaingia naye Mbonea ndani, wakamkalisha mzee kitini, wakamwegemeza kwa mito. Akamlazia gitaa mapajani. Akamwekea chuma katika mkono wa kushoto.

Mkono ule ukajua. Sina namna nyingine ya kuwaambia. Mkono uliokuwa unatetemeka ukishika kijiko ulitulia juu ya nyuzi, ukateleza, ukasimama mahali, ukarudi nyuma kidogo, ukasimama tena. Lakini chuma peke yake hakina sauti. Ule mkono wa kupiga ulikuwa umekufa, umelala pembeni kama kitambaa. Mzee akauangalia mkono wake mwenyewe wa kulia. Akaacha kutelezesha chuma, akafumba macho.

"Njoo ukae huku," Bi Stamili akamwambia Mbonea, akimwonyesha upande wa kulia wa mzee. "Piga wewe."

"Mimi sijui kupiga, mama."

"Yeye anajua. Wewe piga tu."

Mbonea akakaa chini, kwenye sakafu ya udongo, bega lake likagusa ubavu wa baba yake, ule usio na hisia. Akanyoosha mkono wake wa kulima tangawizi, akazipiga nyuzi zote, kwa woga. Na chuma kikateleza.

Ndugu zangu. Kuna sauti zinazopanda ngazi, hatua moja, hatua nyingine. Hii haikupanda ngazi. Ilianza chini ikainuka yenyewe, nzima, bila kukatika, kama sauti ya mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya bonde. Ikafika juu ikatetemeka pale, haitaki kushuka. Mbonea akaondoa mkono kana kwamba ameungua. Mzee akafumbua macho, akamtazama, akangoja. Mbonea akapiga tena.

Wakaenda hivyo. Mwana hakujua wimbo unakokwenda, baba hakuweza kwenda bila yeye. Mbonea alipopiga kwa haraka, mzee alimngoja. Alipochelewa, chuma kilisimama pale pale kikitikisika kidogo, kinamwita. Polepole mkono mmoja ukauzoea mwingine, na ukifumba macho ungeapa kwamba anayepiga ni mtu mmoja. Nakundwa alisimama mlangoni, mikono ina unga. Majirani waliokuwa wanapita na majani ya ng'ombe walitua mizigo yao barabarani, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kulikoni. Mtu mmoja alivua kofia. Mimi mwenyewe nilikuwapo. Yule mzee tuliyemzoea kama kitu kilichowekwa pembeni alikuwa anasema, na alikuwa na mengi. Nilisikia habari za kambini alikokaa, nikasikia aibu iliyomzuia kurudi, nikasikia jina la marehemu mkewe, na hapakuwa na neno hata moja.

Wimbo ulipokwisha, Mbonea akalaza kichwa chake gotini kwa mzee, akasema, "Baba." Nakundwa alituambia baadaye kwamba tangu aolewe hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Halafu Mbonea akakumbuka, akanyanyuka ghafla. Gitaa si lake. Ameliuza, amepokea, na mwenye mali amesimama hapo na mfuko wake begani, ana safari. Akakimbia kuzitoa zile fedha zote, akazishika kwa mikono miwili. Akamwomba Bi Stamili amrudishie. Kama anataka na faida juu yake, achukue tangawizi yote iliyoko shambani.

Bi Stamili alilitazama lile gitaa kwa muda mrefu. Ni mfanyabiashara, msidhani hakuumia. Gitaa kama lile hupati mara mbili, na kazi ya siku nzima ilikuwa imelala pale mapajani kwa mzee.

"Mimi nilikuja kununua gitaa," akasema. "Hicho ni kinywa cha mtu. Sinunui."

Akapokea fedha zake, zake tu, hakuongeza. Ule mfupa akasema ni sadaka. Akamuaga mzee, na mzee akainua mkono wake wa kushoto, chuma kikiwa bado ndani yake.

Jikoni kwa Mbonea kunavuja mpaka leo. Ukipita pale jioni utaona mtu mzima amekaa sakafuni, upande wa kulia wa baba yake, na ukisimama utasikia. Simameni, hamtozwi kitu.

Naona mmenikazia macho. Mnangoja niwaambie gitaa ni nini, chuma ni nini, na seremala ni nani. Siwaambii, mna akili zenu, na wengine wenu mmeshaanza kuinamisha vichwa. Nina swali moja tu, mwende nalo: huo mkono wako wa kulia, wenye nguvu, unaousifia kazi, ni nani nyumbani kwako ameukodolea macho akiungoja?