Kosa la Mama Kaneza

Afande Kihwelo, wa dirisha la vibali pale mpakani, hakuwa akipata usingizi siku ambayo hajamrudisha mtu. Mama Kaneza, msusi kutoka ng'ambo ya ziwa, aliomba kibali cha kuishi na mumewe. Akarudishwa kwa sababu picha ilikuwa na hereni. Akaja tena, akarudishwa: wino wa bluu, si mweusi.

Siku ambayo kibali chake cha zamani kilikuwa kinaisha, alisukuma fomu dirishani huku akipiga miayo. Afande akaipekua mbele na nyuma mpaka jasho likamtoka. Picha safi, wino mweusi, majina sawasawa na ya kwenye pasipoti. Ghafla uso ukamchangamka.

"Mama, hujatia sahihi!"

"Mungu wangu! Na mengine, afande? Niambie yote leo."

"Mengine yako sawa. Mimi hakuna kinachonipita!" alisema kwa sauti, foleni nzima isikie. "Kosa ni hilo tu!"

"Hilo tu?"

"Hilo tu!"

"Basi niazime kalamu yako, wino wangu usije ukakuudhi tena."

Akatia sahihi pale pale. Foleni nzima ilikuwa ikitazama. Afande akagonga muhuri.

Akiwa anatoka, Mama Kaneza alimwinamia mzee aliyefuata.

"Baba, umeshatia sahihi?"

"Ndiyo nataka kutia, mwanangu."

"Usitie. Mwachie hilo, la sivyo atatafuta jingine."

Mzee akafunika kalamu yake. Muda si muda sauti ya Afande Kihwelo ikasikika hadi barabarani, imejaa furaha:

"Na wewe hujatia sahihi!"