Karai Lisilotajwa

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasemezana na kuoneana haya, mvua iligoma. Mto ukakauka ukabaki mchanga mtupu, malisho yakaisha, na kila mnyama akawa anamtazama mwenzake kwa jicho la kupima minofu. Simba, mfalme wao, akaamuru chakula chote kilichosalia kikusanywe katika chumba cha ndani cha pango lake, kila mmoja awe anapewa fungu lake asubuhi.

Basi kikakusanywa: mtama, mihogo mikavu, nyama iliyokaushwa. Kumbe panya nao wana masikio. Haukupita muda magunia yakawa na matundu, na mtama ukawa unapungua bila mtu kugawiwa. Ndipo akaitwa Bi Paka.

Bi Paka alikuja na wanawe watatu, wadogo hata macho hawajafumbua, akiwabeba mmoja mmoja kwa meno. Alikuwa mnyama wa maneno machache na wa kujitunza: asubuhi hujiramba, mchana hujiramba, na akiguswa na vumbi huanza upya. Simba akamweleza kazi yake. Alale na chakula, aamke na chakula, asitie mguu nje, maana akitoka kidogo tu panya wataingia.

"Nimekubali, Mfalme," akasema Bi Paka. "Nami sitaki makuu. Nipewe karai la mchanga, liwekwe pembeni, mbali na chakula. Mimi nikishafukia, kila siku mtu aje ayatoe mavi yaliyomo, aongeze mchanga mkavu, na mara moja moja karai lenyewe lisuguliwe na kuanikwa juani..."

Hakumaliza. Baraza lote lilikuwa limeshika pumzi. Twiga akakohoa huku akitazama dari. Simba akainuka, manyoya ya shingo yamemsimama.

"Neno gani hilo mbele yangu? Katika jumba hili vitu hivyo havipo! Karai utapewa. Lakini kuanzia leo, atakayelitaja karai hilo, au kilichomo, mbele ya uso wangu, atatupwa nje ya lango akale vumbi!"

Basi likawa karai lisilotajwa. Wanyama walipolazimika kabisa kulizungumzia walisema "ile heshima", tena kwa sauti ya chini.

"Na nani atakayeishika ile heshima?" akauliza Sungura, ambaye ndiye aliyekuwa mgawaji wa mafungu.

Kila mmoja akaanza kuchunguza kwato zake. Fisi peke yake ndiye aliyejitokeza, uso umemnyooka kwa unyenyekevu.

"Nitajitolea mimi," akasema. "Kuhudumu ni wajibu. Ila mtoni ni mbali na mchanga ni mzito, kwa hiyo naomba ubavu mmoja wa nyama kila siku, wa kunitia nguvu tu."

Akapewa. Siku ya kwanza Fisi alifanya kazi, au tuseme aliikaribia. Siku ya pili akagundua jambo tamu kuliko ubavu wenyewe: kazi isiyotajwa haina wa kuikagua. Nani angemuuliza, na kwa maneno gani? "Funika kombe mwanaharamu apite," Fisi akajiambia. Akachota konzi moja ya mchanga, akainyunyiza juu ya yote yaliyokuwamo, akaenda zake kutafuna.

Kila asubuhi alisimama barazani akainamisha kichwa. "Heshima imetimia, Mfalme."

"Vyema," alijibu Simba, akitazama upande mwingine.

Ukitaka kuupima ustadi wa Fisi, zingatia hili. Katika nchi ile kitu pekee ambacho ukame haukukipunguza ni mchanga. Mto mzima ulikuwa mchanga. Lakini mikononi mwa Fisi hata mchanga uliadimika. Alilieleza baraza, kwa huzuni kubwa, kwamba ule mzuri wa karibu umekwisha, sasa anaufuata mbali, na ubavu mmoja hautoshi. Wakamwongezea wa pili.

Aliyeteseka ni Bi Paka. Asubuhi alilifikia karai lake, akaparura upande huu akakuta ya jana. Akaparura upande ule akakuta ya juzi. Alisimama hapo mguu mmoja juu, hajui pa kuuweka. Hakuna kitu kinachomuumiza mnyama safi kama kulazimishwa kuwa mchafu, na Bi Paka aliumia mpaka machozi yakamlengalenga.

"Ndugu yangu Fisi," akamwambia, "humu sina tena pa kuchimba."

"Na wewe dada yangu umezidi madaha," akajibu Fisi. "Huko porini wenzako wanajisaidia popote."

"Porini pana popote. Hapa pana hapa tu."

"Haya, nimekusikia. Nitalishughulikia."

Akalishughulikia kweli. Alileta chetezo, akatia ubani, akakiweka ubavuni mwa karai. Moshi ukajaa pembe yote. Ubani haukuishinda ile harufu. Vilishikana mikono, vikawa vinatembea pamoja pango zima. Bi Paka, ambaye pua yake husikia pumzi ya panya nyuma ya gunia, alipiga chafya mpaka akapepesuka. Tangu hapo hakuweza hata kulisogelea karai.

Akawa anajizuia. Tumbo likavimba likawa gumu, na kila hatua ikamchoma. Maziwa yakapungua, watoto wakalia. Panya mmoja alipita mbele yake, mchana kweupe, na punje ya mtama mdomoni, wala hakukimbia. Alitembea. Bi Paka alimwangalia akipita, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Mwisho harufu ilifika kwenye kiti cha enzi.

"Nasikia kitu," akasema Simba, puani kumekunjamana.

"Ni ubani, Mfalme," wakajibu wote kwa pamoja.

"Huku juu hewa ni safi kabisa," akaongeza Twiga.

"Hata huku chini," akasema Ngiri. "Mimi mwenyewe sioni kasoro." Na Ngiri, maskini, alikuwa anasema kweli.

Mwili una mipaka yake. Siku moja, baraza likikaribia kuanza, Bi Paka alishindwa kabisa. Alizunguka pango lote akitafuta mahali pakavu, palipo safi, pasipo na moshi. Palikuwa na mahali pamoja tu, napo ni kwenye mkeka wa Mfalme. Alijisaidia pale, akakunja ncha ya mkeka akaifunikiza juu, kwa adabu kadiri alivyoweza.

Simba akaingia kwa maringo, akaketi.

Kisha Mfalme akainuka polepole sana.

"Nimekalia..." akaanza. "Hapa nimekalia... Jamani, nimekalia ile..."

Wanyama wakamtazama kwa huruma. Neno walilijua wote, lakini sheria ni yake mwenyewe, na hakuna aliyetaka kumsaidia kuivunja.

Fisi akaona mlango umefunguka. Alikuwa ameutamani muda mrefu, kwani mbavu mbili zilishaanza kumfunulia ladha ya ghala zima. "Mfalme uishi," akasema, "mimi naibadilisha ile heshima kila uchao. Mchanga wake unang'aa. Lakini mchafu ni mchafu tu, hata umtandikie hariri. Mfukuze huyu, na chakula nitakilinda mimi, Fisi, mtumishi wako."

"Una la kujibu?" Simba akamgeukia Bi Paka, akingurumisha sauti huku amesimama vile vile, maana kuketi hakuwezi.

Bi Paka akafumbua mdomo, akaufumba. Akilitaja karai, atatupwa nje kwa kuvunja sheria. Asipolitaja, atatupwa nje kwa uchafu. Na huko nje, juu ya lango, mwewe walikuwa wakizunguka tangu alfajiri. Aliwatazama wanawe watatu waliolaliana juu ya gunia.

"Basi atoke," akasema Simba. "Mafungu yakimaliza kugawiwa, atoke na watoto wake."

Ndipo Sungura alipojikuna sikio.

"Hukumu ni ya haki, Mfalme," akasema. "Ila mimi ni mgawaji, naulizwa juu ya kila kipande. Kuna paja zima la nyati, limenona, lina mafuta ya kuchuruzika. Silioni. Na sote tunajua tabia ya paka: akipata kitu hukifukia mchangani. Amekifukia wapi, sisemi. Sheria hainiruhusu kupataja."

Kisha akatazama ile pembe yenye moshi.

Fisi alijua kuliko kiumbe yeyote yaliyomo ndani ya karai lile. Yeye ndiye aliyeyapanga, tabaka juu ya tabaka. Lakini paja ni paja. Udenda ukamtoka. Akawaza: likiwa chini kabisa je? Na Sungura akilifikia kwanza? Akili ikamwambia simama, tumbo likamwambia ruka, na Fisi tangu lini alisikiliza akili?

"Mwizi huyo!" akapiga kelele. "Nitalitoa mimi!"

Akalirukia karai, akaanza kuchimba kwa miguu yote ya mbele. Ya jana yakaruka nyuma. Ya juzi yakaruka. Ya wiki iliyopita yakaruka, magumu kama kokoto, yakamgonga Ngiri kifuani. Donge moja likapaa mpaka huko juu kwenye hewa safi, likampata Twiga shavuni. Jingine likatua katikati ya manyoya ya Mfalme. Fisi hakuona wala hakusikia. Alichimba mpaka kucha zikakwaruza bati.

"Hamna paja!" akalia.

"Hamna," akakubali Sungura. "Nilisema silioni, na hata sasa silioni. Na ule mchanga unaong'aa je, umeuona?"

Fisi akageuka. Pango lote lilikuwa limejaa ushahidi, na ameutawanya kwa mikono yake mwenyewe, hakuna aliyelazimika kutamka neno.

Simba akaokota kile kilichomwangukia, akakishika mbali na uso. "Hiki ni nini?" akauliza. Wanyama wakatazamana. "Nauliza! Ni nini?"

Bi Paka akasogea mbele, tumbo likimuuma. "Ni mavi, Mfalme. Ni yangu, yote, tangu siku niliyoingia. Kazi yangu ilikuwa kuyafukia, nimeyafukia. Ya kuyatoa ilikuwa ya mwingine. Sasa nitupe nje ukitaka, lakini nimesema."

Simba alimtazama Bi Paka, akayatazama manyoya yake, akautazama mkeka wake.

"Ni mavi," akasema Simba.

Neno likazunguka pango likarudi. Paa halikuporomoka.

Siku ile Fisi aliyabeba yote mpaka ng'ambo ya mto, punje kwa punje. Akalisugua karai kwa majivu, akalianika juani, akalijaza mchanga mkavu ambao, ajabu, aliupata hatua chache tu kutoka langoni. Alipomaliza alifukuzwa bila ubavu. Alitoka akicheka, kile kicheko cha anayeficha fedheha, nacho hakijamwacha mpaka leo.

Kazi ya karai ikawa ya zamu, na Twiga naye alijifunza kuinama. Bi Paka alipona, maziwa yakarudi, watoto wakafumbua macho. Yule panya aliyezoea kutembea alijaribu tena kutembea, mara moja tu.

Na kila asubuhi, kabla ya fungu lolote kugawiwa, Mfalme aliuliza barazani kwa sauti ya kutikisa mawe: "Mavi yametolewa?"

"Yametolewa, Mfalme!"

"Nitaona mwenyewe," alijibu Simba, akainuka akaenda kuchungulia.

Bi Paka naye, pamoja na vizazi vyake vyote, akishamaliza kufukia hugeuka akanusa, kwa sababu taarifa za watu alishazisikia. Mficha uchi hazai.