Kwa Nini Kwa Mwinjilisti Hakukokwi Moto Siku ya Krismasi

Mnauliza tena! Kila Desemba nyinyi wake mlioolewa hapa Mkorwe mnaniuliza mbona nyumba ya mwinjilisti haitoi moshi siku ya Krismasi, na kila Desemba naeleza mpaka koo linanikauka. Haya, sikilizeni, na safari hii mshike.

Zamani, kanisa letu lilipokuwa bado la nyasi, hakuna nyumba iliyopika sana Krismasi kuliko ya mwinjilisti. Watu wa milima hii walikuwa wameipokea Injili juzijuzi tu. Waliambiwa Mungu amemtoa Mwanawe, basi nao watoe. Wakatoa kwelikweli. Ila kila mmoja aliona kwamba zawadi ya Mungu hupelekwa kwa mtu wa Mungu, na wote wakapanda kilima kilekile, mpaka kwa Mwinjilisti Yonazi.

Yonazi alikuwa mpole, hakujua kukataa. Aliyeteseka ni mkewe, Nakunda. Kuku walilala juu ya vyungu vyake. Mikungu ya ndizi iliiva kwa pamoja ikaoza kwa pamoja. Mbuzi walimaliza maharage yake shambani. Na aliyeleta maziwa hakuondoka mpaka yaonjwe mbele yake na kusifiwa. Nakunda alisifu mpaka mashavu yakamuuma.

Chini ya kilima aliishi mjane mmoja, Namsifu, na watoto wake. Waliokwenda kwa mwinjilisti wote walipita mlangoni pake. Watoto waliwaamkia, "Shikamoo!" Wao wakaitikia, "Marahaba," wakapita na mizigo yao.

Mwaka mmoja, siku ya kuamkia Krismasi, wageni walimaliza maji yote mitungini. Nakunda akateremka mwenyewe kwenda mferejini. Alipofika kwa Namsifu akamwona binti mkubwa akichochea moto chini ya chungu.

"Unapika nini, mwanangu?"

"Maganda ya ndizi, mama. Yametoka kwenye jalala lako."

Namsifu akatoka ndani haraka, amejifunga khanga iliyochanika. "Usimkasirikie, mama mwinjilisti," akasema. "Ni mazuri bado. Nimeyaosha."

Nakunda aligeuka palepale. Alipanda kilima na mtungi mtupu, machozi yakimtoka kwa hasira, akamkuta Mzee Kiondo uani kwake na kondoo.

"Mama, mtazame huyu," akasema Kiondo. "Ni mnono kuliko yule aliyeletwa na Mbwambo. Mwambie mwinjilisti."

"Mpeleke kwa Namsifu."

"Kwa Namsifu? Mimi nimemletea Mungu!"

"Mungu hayumo jikoni kwangu!" Nakunda akapaza sauti. "Jikoni kwangu mna mavi ya kuku! Nimechoka, baba. Nimechoka! Mnaipita njaa mlangoni mnakuja kulisha shibe!"

Yonazi akatoka mbio. "Taratibu, mke wangu. Watu watachukia."

"Wachukie! Watoto wa Namsifu wanakula maganda yetu, nawe unaniambia taratibu?"

Nakunda akachukua maji machafu yaliyooshewa vyombo, akayamwaga juu ya moto, mafiga yakafuka majivu. Akawafunga kuku miguu, akajitwika ndizi kichwani. "Kesho hapa hapapikwi," akasema. "Anayetaka kunilisha atanikuta kwa Namsifu." Akateremka.

Asubuhi, ibada ilipokwisha, watu walipanda na vyungu vyao kama kawaida, wakakuta jiko baridi. Wakanung'unika. Wengine waligeuza kurudi makwao, na Kiondo akasema hajapata kuona mwanamke mwenye jeuri kama yule. Hapo Yonazi, angali na kanzu yake ya ibada, akapita katikati yao, akateremka kilima na kuketi chini uani kwa Namsifu, kando ya mkewe.

Sasa wangefanya nini? Kula Krismasi bila mwinjilisti wao hawakuweza. Wakamfuata mmojammoja, wakisonya. Wa mwisho alikuwa Kiondo na kondoo wake. Alisimama njiani, hataki kuingia, hataki kuondoka, mpaka Namsifu mwenyewe akamwendea.

"Karibu, baba," akamwambia. "Mlango huu ulikuwa hapa siku zote."

Kiondo aliinamisha kichwa. Kisha akaomba kisu, akachinja, na watoto wa Namsifu wakala nyama mpaka wakasinzia walipoketi.

Na tangu siku hiyo, Krismasi ikifika, kwa mwinjilisti hakukokwi moto. Yeye na mkewe huulizia ni nani mwaka huo amepungukiwa, kisha huenda kuketi kwake, nasi tunawafuata na vyungu. Wapo wanaonung'unika hata leo, nawasikia, msidhani siwasikii. Lakini mwaka jana, nimemzika mume wangu na ghalani hamna hata punje, nilisikia hodi. Nikafungua. Alikuwa mwinjilisti na mkewe, mikono mitupu, na nyuma yao njia nzima imejaa watu.